Mtoto wa Miaka Saba Si Yule wa Miaka Mitano

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kiume alianza chekechea ya Montessori akiwa na miaka mitatu, na sasa, akiwa na miaka saba, yuko elimu ya msingi katika shule hiyo hiyo. Alipokuwa mdogo alikunja mkeka wake, alipanga viatu vyake na aliweza kukaa na kazi yake peke yake kwa muda mrefu. Mwaka huu viatu anaviacha mlangoni kila kimoja upande wake, hataki kufanya jambo lolote bila rafiki zake, na kutwa ananiletea mashtaka kwamba fulani kapora zamu, fulani kasema uongo. Nikimkataza jambo anauliza kwa nini, na nikimjibu anauliza kama hiyo ni haki. Baba yake anasema uhuru wa shule umemharibu, tumhamishe. Je, ni kweli? (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Nakuomba umwambie baba yake asiharakishe uhamisho, kwa kuwa karibu yote uliyoyaandika ningeyatarajia kwa mtoto wa umri huo hata kama angekuwa anasoma shule ya aina nyingine kabisa.

Maria Montessori, daktari wa Italia aliyezaliwa mwaka 1870 na aliyeanzisha elimu hii inayompa mtoto uhuru wa kuchagua kazi yake, aliugawa ukuaji wa binadamu katika vipindi vya miaka sita sita, kuanzia kuzaliwa hadi miaka 24. Aliona kwamba mtoto anapovuka kutoka kipindi kimoja kwenda kingine haongezeki kimo tu, bali tabia yake yote hugeuka. Mwili wenyewe hutoa ishara: meno ya utoto yanang'oka, miguu inarefuka, unene wa utotoni unapungua, na mtoto anaongezeka takriban sentimita 5 hadi 6 kwa mwaka, kwa mwendo wa utulivu kuliko alivyokuwa akikua alipokuwa mchanga na kuliko atakavyokua akibalehe. Basi ukiona jino limetupwa juu ya bati, ujue na ndani ya kichwa kuna kitu kinachobadilika.

Kupanga viatu na kukunja mkeka akiwa na miaka minne hakukuwa utii peke yake. Mtoto wa umri ule anahitaji mpangilio wa vitu vinavyomzunguka ili aielewe dunia, kwa hiyo kila kitu kikiwa mahali pake anaridhika. Baada ya miaka sita hitaji hilo huhamia kwenye fikra. Sasa anataka kujua vitu vinahusianaje, nani alianzisha, kwa nini mvua inanyesha huku na kule hainyeshi. Sisemi umwachie viatu vitapakae, kwani uhuru anaouzungumzia Montessori haujawahi kuwa uhuru wa kufanya lolote. Ninachosema ni kwamba usitegemee tena avipange kwa kupenda mpangilio. Kaeni chini, mweleze sababu, mkubaliane mahali pa viatu na wakati wa kuviweka, kisha yashikilie makubaliano hayo bila kuyumba. Mtoto wa miaka saba huheshimu sana sheria aliyoshiriki kuitunga.

Kuhusu mashtaka, hapa ndipo wazazi wengi, na walimu pia, tunapokosea. Tunamwita mtoto mmbea na kumfukuza, au tunakimbilia kumwadhibu aliyeshtakiwa. Mara nyingi mtoto hakuja kutafuta adhabu ya mwenzake. Amekuja kupima kama alichokiona ni kibaya kweli, maana dhamiri yake ndiyo inaanza kusimama kwa miguu yake. Mjibu kwa utulivu: "Wewe umeonaje? Ulimwambia mwenyewe?" Watazame wanapocheza kombolela au rede, uone jinsi wanavyoweza kubishana juu ya kanuni kwa muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Ubishi ule si kupoteza wakati. Wanajifunza kuishi katika jamii, na ndiyo sababu madarasa ya Montessori ya umri huu huchanganya watoto wa miaka 6 hadi 9, kisha 9 hadi 12, nao hufanya kazi nyingi kwa makundi.

Zile "kwa nini" nazo zinahitaji chakula cha kutosha. Montessori alifika India mwaka 1939, Vita Kuu ya Pili ikamzuia huko miaka mingi, na akiwa Kodaikanal pamoja na mwanawe Mario alikuza mpango wa elimu ya watoto wa miaka 6 hadi 12 unaoanza na ulimwengu mzima. Mwalimu husimulia hadithi tano kubwa: kuumbika kwa ulimwengu, kuja kwa uhai, kuja kwa binadamu, historia ya maandishi na historia ya namba. Utepe mrefu mweusi hukunjuliwa uwanjani kuonyesha umri wa dunia, na watoto wakitembea hadi mwisho wake hukuta kipande chembamba tu kinachosimama kwa ajili ya muda wa binadamu. Mtoto wa Tanzania ana bahati hapa, kwa sababu anaweza kuambiwa kwamba mifupa ya dainosaria wakubwa ilifukuliwa Tendaguru, mkoani Lindi, na kwamba nyayo za mababu wa kale wa binadamu zilizogunduliwa Laetoli, eneo la Ngorongoro, mwaka 1978 zilikanyagwa miaka milioni 3.6 hivi iliyopita. Maswali ya jioni hiyo huyawezi kuyamaliza, wala hupaswi kuyamaliza; mwulize tunaweza kumwuliza nani.

Umtume pia nje ya nyumba, kwa kadiri usalama unavyoruhusu. Apange na rafiki zake safari fupi ya sokoni, waandike wanachotaka kujua, wahesabu nauli, mtu mzima awafuate bila kuwaongoza.

Mambo machache tu yangenitia wasiwasi: kama amejitenga na wenzake, anaogopa kwenda shule, hasikii vizuri au ameacha kula. Hapo mwone mwalimu wake na daktari mapema.

SWALI: Binti yangu ana miaka tisa na anasoma Montessori. Upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne unakuja, lakini nyumbani haleti alama. Nitajuaje kama anaendelea? (Baba, Dodoma)

JIBU: Ndugu yangu, wasiwasi wako ni wa haki. Jina la Montessori halimilikiwi na mtu, shule yoyote inaweza kulibandika getini, hivyo nenda ukatazame. Je, watoto wa umri tofauti wako pamoja? Wanapewa takriban saa tatu za kufanya kazi bila kukatizwa? Katika darasa linalofuata utaratibu huo, mtoto huwa na daftari la kuandika kazi alizofanya kila siku, hukutana na mwalimu mara kwa mara kulipitia, na huoneshwa muhtasari wa serikali ili ajue mwenyewe anachodaiwa kabla ya upimaji. Mwombe binti yako akuoneshe daftari hilo Jumamosi, achague hesabu moja ndefu na akueleze hatua zake, nawe umsikilize hadi amalize. Ikiwa halipo, muulize mwalimu wake kumbukumbu za maendeleo yake zinatunzwa wapi, na usiondoke bila kuziona.