Maswali yenu kuhusu kaunti, gavana na vita vya Nairobi

Barua za mwezi huu karibu zote zimechanganya mambo mawili: shida ya wadi na ugomvi wa wakubwa Nairobi. Nimechagua chache. Nyingine zinafanana, kwa hiyo ukikuta swali lako limejibiwa kwa jina la mwenzako, usikasirike.

Barabara ya kuingia kijijini kwetu imekatika tangu masika. MCA (mjumbe wetu wa bunge la kaunti) anasema ni ya mbunge, mbunge anasema ni ya gavana. Tumshike nani? – Dereva wa tuktuk, Kaloleni

Ndugu yangu, kwanza ujue barabara hiyo ni ya daraja gani. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeiachia serikali ya kitaifa barabara kuu na kuzipa kaunti barabara za kaunti. Zenye herufi A, B na C ziko chini ya mashirika ya kitaifa, KeNHA na KeRRA. Kuanzia D kushuka chini ni za kaunti. Nenda ofisi ya barabara ya kaunti ndogo, taja inapoanzia na inapoishia, uulize namba yake. Ukishaipata, hakuna wa kukuzungusha tena.

Ila nisikudanganye kwamba mambo yamenyooka. Kila lita ya mafuta unayotia inakatwa shilingi 25 za kutunza barabara, kutoka shilingi 18 kabla ya Julai 2024. Magavana na wabunge wamegombana vikali juu ya shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo, kila upande ukisema ndio wenye haki ya kuzitumia. Wakati wakivutana, barabara yako imebaki vilevile. Kwa hiyo unapomwandikia MCA wako, mtumie na mbunge nakala ya barua hiyohiyo, ili kila mmoja aone mwenzake ameulizwa nini.

Zahanati yetu ina muuguzi mmoja na rafu tupu. Tukiuliza dawa tunaambiwa "ni SHA". Je, ni kweli? – Mama wa watoto wanne, Ganze

Ni kweli nusu, mama, na nusu hiyo inawafaa sana wanaokujibu. SHA, mamlaka ya bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Katika mpango wake, huduma za zahanati na vituo vya afya hulipiwa na Hazina ya Huduma za Afya ya Msingi, nawe hutakiwi kutoa pesa. Malipo kutoka juu yakichelewa, zahanati inaumia kweli.

Lakini jengo ni la kaunti, muuguzi ameajiriwa na kaunti, na oda ya dawa inayokwenda KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, inapitia kaunti. Isitoshe, tangu sheria ya mwaka 2023 kuhusu mapato ya vituo vya afya, pesa inazokusanya hospitali ya umma zinapaswa kubaki hapohapo ziboreshe huduma, zisiende kupotelea kwenye akaunti kuu ya kaunti.

Zahanati yenu ina kamati, na ndani yake wamo watu wa kijijini. Watafute. Waulize oda ya mwisho ya dawa ilipelekwa lini na ilikuja kamili au nusu. Waulize pia malipo ya mwisho kutoka SHA yaliingia lini, na kama kaunti inadaiwa na KEMSA. Majibu yatakuonyesha kama mlango wa kubisha ni wa waziri wa afya Nairobi au wa yule afisa wa kaunti mnayekutana naye sokoni. Inaniuma kusikia mama amebeba mtoto mwenye homa saa mbili kwa miguu, kisha anajibiwa kwa herufi tatu.

Niliitwa kutoa maoni ya bajeti ya kaunti. Tulipewa karatasi mlangoni, tukasaini, tukanywa soda, tukatawanyika. Kuna haja ya kurudi? – Mfanyabiashara, Mariakani

Rudi, dada, lakini rudi mapema. Vikao vingi tunavyoitiwa hufanyika Mei, na kufikia Mei pesa zimeshagawanywa. Tazama kalenda ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwisho wa Februari inawasilishwa karatasi ya mkakati wa fedha, ambayo ndiyo inayoamua idara ipi ipate kiasi gani. Makadirio yenyewe yanakuja kufikia 30 Aprili, na kufikia 30 Juni yawe yamepitishwa. Anayetaka choo cha soko aseme Agosti na arudie Februari. Akisubiri Mei, atakuwa anaomba pesa ambazo tayari zimeandikiwa jina lingine.

Ukipewa hilo kabrasha nene, usianzie ukurasa wa kwanza. Hotuba na ramani huwa mbele. Fungua nyuma kwenye orodha ya miradi, utafute jina la wadi yako, kisha uweke pembeni orodha ya mwaka uliotangulia. Utakuta mstari kama "ukarabati wa soko", na mbele yake kiasi. Kama mstari huohuo ulikuwepo mwaka jana na mwaka juzi, una swali moja zito la kusimama nalo kikaoni: pesa za kwanza zilikwenda wapi? Nimeona swali la namna hiyo likiwanyamazisha maafisa waliokuwa wakijibu kila kitu kwa tabasamu.

Angalia na jambo jingine. Sheria inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo, na kanuni zinaweka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Mdhibiti wa Bajeti hutoa ripoti ya kila kaunti kila robo mwaka, inayoonyesha kilichotumika hasa. Hapo ndipo utajua kama ile asilimia 30 ilikuwa ya karatasi tu.

Na maoni yako yapeleke kwa maandishi kwa karani wa bunge la kaunti, ubaki na nakala. Mwaka 2024 nchi nzima iliona uzito wa jambo hili: Mahakama ya Rufaa ilibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 tarehe 31 Julai, suala la ushirikishwaji wa umma likiwa katikati ya kesi, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha tarehe 29 Oktoba. Kesi za aina hiyo huamuliwa kwa kuangalia nani aliitwa, alisema nini na alijibiwa nini. Sahihi yako kwenye karatasi ya mahudhurio inathibitisha kwamba ulikuwepo tu. Haionyeshi ulichosema.

Kwa nini MCA wanamtimua gavana, halafu Seneti inamrudisha? Wananchi tunachezewa? – Mzee wa mtaa, Voi

Shikamoo mzee. Hili linahitaji nafasi kidogo.

Ibara ya 181 ya Katiba inataja sababu za kumwondoa gavana: kukiuka Katiba au sheria kwa kiwango kikubwa, kushukiwa kwa misingi thabiti kutenda jinai, kutumia ofisi vibaya au utovu mkubwa wa nidhamu, au kushindwa kazi kwa sababu ya mwili au akili. Hoja ikipata theluthi mbili ya wajumbe wa bunge la kaunti, inakwenda Seneti, ambayo inaweza kuisikiliza kwa kamati ya maseneta 11 au kwa kikao kizima.

Tazama yaliyotokea Kericho. Oktoba 2024 MCA 31 kati ya 47 walipiga kura ya kumwondoa Gavana Erick Mutai. Ukipiga hesabu, theluthi mbili ya 47 ni 31 na kidogo, na huwezi kuwa na kidogo cha mtu, kwa hiyo walihitajika 32. Seneti ikaitupa hoja kabla hata ya kusikiliza mashtaka. Agosti 2025 alitimuliwa tena, na Seneti ikamnusuru tena. Meru ilikuwa kinyume: Kawira Mwangaza aliokolewa Desemba 2022, akaokolewa tena Novemba 2023, kisha Agosti 2024 Seneti ikakubali aondoke, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaunga mkono uamuzi huo. Ferdinand Waititu wa Kiambu na Mike Sonko wa Nairobi waliondolewa mwaka 2020. Martin Wambora wa Embu, wa kwanza kabisa kutimuliwa, mwaka 2014, alirudishwa na mahakama na mwaka 2017 akachaguliwa tena.

Kwa hiyo Seneti haimwokoi kila mtu, na mara nyingine ina haki, maana kuna hoja zinazoletwa kwa hasira ya MCA walionyimwa zabuni au safari. Ninalolilalamikia mimi ni muda. Kaunti ikiingia kwenye kutimuana, bajeti ya nyongeza inakwama, wafanyakazi wanagawanyika, na ripoti za ukaguzi zinafunikwa na kelele. Kabla hujaandamana upande wowote, mzee, omba uone orodha ya mashtaka. Kama kuna shtaka lenye kiasi cha pesa, tarehe na namba ya hati, linastahili muda wako. Mengine ni ugomvi wao.

Mimi na kaka yangu hatusemezani tangu Gachagua aondolewe. Yeye ni "wantam" (Rais Ruto aondoke baada ya muhula mmoja), mimi "tutam" (apate mihula miwili). Mama analia. – Kisauni

Pole sana, na mpe mama pole yangu. Bunge la Kitaifa lilipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Gachagua tarehe 8 Oktoba 2024, Seneti ikathibitisha tarehe 17, na Kithure Kindiki akaapishwa tarehe 1 Novemba. Hilo limeshapita, nanyi hamkuwa na kura humo ndani.

Siwaambii muache siasa za kitaifa, maana zinafika hadi jikoni kwenu. Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha, wengi wakauawa, Rais akakataa kuutia saini. Mgao wa kaunti uliokuwa umepangiwa bilioni 400.1 ukashushwa, na baada ya mvutano ukaishia bilioni 387.4. Mwaka wa fedha 2025/26 ukawa bilioni 415. Au kumbukeni 2020, Seneti ilipobishana kwa miezi juu ya fomula ya kugawa pesa hizo. Wapo waliotaka idadi ya watu iwe na uzito zaidi, na kaunti kadhaa za Pwani na za kaskazini zilikuwa zinapoteza mabilioni. Maseneta watatu wakakamatwa na polisi siku moja mwezi Agosti. Hatimaye ikakubaliwa kwamba fomula mpya isianze kutumika mpaka fungu la kaunti zote liongezeke.

Mgombane juu ya hayo, basi. Muulize kaka yako: mtu unayempigia debe alisimama wapi mgao wa Mombasa ulipokuwa mezani? Naye akuulize wewe. Mtakuwa mnabishana juu ya kitu chenu, na nadhani mama atawavumilia.

Niko Doha. Je, naweza kumpigia kura gavana wangu wa Kwale mwaka 2027? – Mlinzi

Hapana, ndugu. Ukiwa nje unapiga kura ya urais peke yake. Mwaka 2022 Qatar ilikuwa miongoni mwa nchi 12 zilizokuwa na vituo vya kupigia kura. Kwa gavana, seneta, mbunge na MCA lazima uwe kwenye kituo ulichojiandikisha Kenya. Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027, ukiweza panga likizo yako.

Nikiandika mtandaoni kwamba gavana ameiba, nitakamatwa? – Mwanafunzi, Malindi

Mwanangu, Ibara ya 33 inakulinda unapokosoa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilifuta kifungu kilichotumiwa kuwakamata watu kwa "kutumia vibaya kifaa cha mawasiliano", na 2017 ikaondoa kashfa kwenye orodha ya makosa ya jinai. Lakini bado kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2018. Mabadiliko yake yaliyotiwa saini Oktoba 2025 yalipelekwa kortini papo hapo, na mahakama ikasimamisha sehemu yake. Tena sheria kukulinda kwenye karatasi si sawa na kuwa salama. Juni 2025 mwalimu kijana alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni kuhusu afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi, akafia mikononi mwa polisi. Siwezi kukuandikia kana kwamba hilo halikutokea.

Neno "ameiba" linakuweka wazi kushtakiwa kwenye kesi ya madai ya fidia, na huna ushahidi wa wizi. Andika unachoweza kuonyesha: "Ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya mwaka huu, ukurasa huu, inasema shilingi kadhaa hazina stakabadhi." Weka picha ya ukurasa. Hilo linamsumbua mkubwa kuliko tusi.

Na usiguse kabila. Hapa Pwani tuna ugonjwa wetu wa kusema wabara warudi kwao kila siasa zinapopamba moto. Likoni, Agosti 1997, maneno hayo yaligeuka mapanga, na machafuko hayo yakaua zaidi ya watu 100. Sheria ya Uwiano ya 2008 inamtoza mchochezi faini ya hadi shilingi milioni moja, kifungo cha hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Mimi ningekukataza hata kama sheria hiyo haikuwepo.

Nikitaka kuona mkataba wa mradi wa maji uliosimama, naanzia wapi? – Mkulima, Taveta

Anza na barua. Ibara ya 35 na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakuruhusu kuomba kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kuandika afisa anatakiwa amwandikie. Hutakiwi kueleza sababu, na kuomba ni bure, utalipia nakala tu. Wana siku 21 za kukujibu. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala.

Taja jina la mradi kama lilivyoandikwa kwenye bango, mahali ulipo na mwaka wa fedha. Omba vitu vitatu tu: mkataba, cheti cha kazi iliyokamilika na rekodi ya malipo. Peleka nakala mbili kwa katibu wa kaunti, na usiondoke kaunta mpaka yako igongwe muhuri wa tarehe.