Jaribu gari kwa njia yako, si kwa njia ya muuzaji

Muuzaji wa magari ana njia yake ya kukuonesha gari: lami iliyonyooka, dakika tano, injini imeshapashwa moto na redio inaimba. Kwa njia hiyo kila Premio ni zuri na kila Mark X linateleza kama ngalawa. Omba dakika arobaini, hakikisha bima iko hai, na njia uichague wewe.

Nenda asubuhi, na mwambie mapema asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, huenda kuna jambo ambalo hakutaka ulione, basi rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, lakini injini bado. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime injini ikishaanza kuunguruma. Taa isiyowaka kabisa inanitia wasiwasi kuliko ile inayobaki imewaka, maana pengine kuna mtu aliyeing'oa ili usiulize. Ukiwasha, mshale wa mizunguko ya injini kwa dakika utapanda kiasi cha 1,200 hadi 1,500, kisha ushuke polepole kwenye 700 hivi. Mwenzako asimame nyuma aangalie eksozi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua, mweusi ni petroli iliyozidi, na mweupe usiokatika hata injini ikipata moto ni maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini.

Kanyaga breki, tia D, gia ya kwenda mbele. Gari lijibu ndani ya sekunde moja hivi, bila kugonga. Premio la kizazi cha 2007 kuendelea linatumia giaboksi ya CVT, isiyo na hatua za gia, kwa hiyo kwetu Unguja foleni ya Darajani au Mwanakwerekwe ndiyo kipimo chake. Nenda kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa, mguu mwepesi. Likitikisika hapo kama mtu mwenye homa, achana nalo, hata kama bei inavutia.

Starehe nayo haipimwi kwenye kiti cha dereva. Weka kiti chako pale unapokaa ukiendesha, halafu shuka, ukae nyuma yake. Magoti yanagusa? Mark X lina milimita 2,850 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na Premio 2,700. Ule urefu wa ziada ndio unaotuliza gari juu ya matuta. Lakini Mark X linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na shafti yake imepita katikati ya sakafu, kwa hiyo abiria wa kati atapanua miguu safari nzima. Premio ni jembamba, halifiki mita 1.7 kwa upana. Watu wazima watatu watabanana mabega, ila kwenye vichochoro vya Ng'ambo utalishukuru. Kisha mwambie bibi au mama aingie na atoke na buibui lake. Akilazimika kushika mlango kwa mikono miwili ili anyanyuke, basi gari hilo ni la chini mno kwake, na hapana kiti laini kitakachoiondoa shida hiyo.

Mkishakuwa wanne ndani, ingieni mitaani pale lami inapokwisha. Funga vioo, zima redio. Pitisha gurudumu la upande mmoja tu kwenye shimo, polepole. Mlio wa "ko-ko" mbele mara nyingi ni linki za stebilaiza (chuma kinachozuia gari kulala upande) au bushi (mipira ya viungo) zilizolika. Gari likiruka tuta likaendelea kuyumba juu na chini zaidi ya mara moja, shokapu zimekwisha. Kwenye uwanja, kata usukani hadi mwisho na zunguka kila upande: kwa Premio, "tak-tak-tak" ni jointi za shafti zinazozungusha magurudumu ya mbele.

Kupima nguvu, toka Bububu upande mlima hadi Kidichi, watu wanne na kiyoyozi kimewashwa. Premio la cc 1,500 litanguruma sana, na hilo ni la kawaida. Lisilo la kawaida ni mizunguko kupanda huku mwendo hauongezeki. Barabara ikiwa wazi na iliyonyooka, kanyaga kutoka 40 hadi 80, maana huo ndio mwendo wa kulipita daladala. Usukani ukitetemeka kuanzia 80, mara nyingi ni balansi ya magurudumu. Ukitetemeka unapokanyaga breki tu, ni diski zimepinda. Walio Pemba wana bahati: vilima na kona za Chake hadi Mkoani vinatoa majibu yote haya kwa safari moja.

Hewa ya chumvi ya kwetu hushika pini za kalipa, kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski, breki ikabaki imebana upande mmoja. Ukirudi, sogeza mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, umepata tatizo. Piga tochi chini ya gari, na inua zulia la buti hadi kwenye tairi la akiba. Magari mengine yamekuja na kutu kutoka sehemu za Japani zenye theluji, ambako barabara humwagiwa chumvi.

Mwisho, liache linaunguruma juani dakika kumi, kiyoyozi kikiwa juu kabisa. Baridi isipungue, na mshale wa joto usisogee. Kisha chungulia chini: maji meupe yanayodondoka upande wa abiria ni ya kiyoyozi, ni dalili njema. Wekundu unaoteleza huwa ni mafuta ya giaboksi, na weusi ni oili ya injini. Zima, subiri dakika tano, washa tena. Gari linaloanza vizuri likiwa baridi na kusumbua likiwa moto, mpe fundi wako alipime kwa mashine kabla hujatoa hata shilingi ya arubuni.