Vimistari viwili vilivyonisumbua kwenye ASVAB

Nilipokuwa najiandaa na ASVAB, ule mtihani wa kuingia jeshi la Marekani, milinganyo ya kawaida nilikuwa naiweza vizuri tu, ila ikija yenye vile vimistari viwili vya wima, yaani thamani kamili, nakosa karibu kila mara, na iliniuma sana maana hesabu yenyewe wala si ngumu, nilikuwa naanzia pabaya.

Kwanza elewa vimistari vinauliza nini. Vinauliza namba iko umbali gani kutoka sifuri, basi. 5 iko hatua 5, na -5 iko hatua 5 vilevile, kwa hiyo ukiona |x| = 5 ujue x ni 5 au -5. Mimi nilikuwa nimekariri tu "futa alama ya hasi", sasa ndani kukiwa na x utafuta nini?

Haya chukua hii: 3|x + 2| − 4 = 11. Nilikuwa nakimbilia kuandika milinganyo miwili hapohapo, mmoja 11 mwingine -11, na huo wa pili ukawa unanipa -13/3, nahangaika nayo weee na dakika zinaenda. Usifanye hivyo! Vimistari vibaki peke yao kwanza. Jumlisha 4 pande zote unapata 3|x + 2| = 15, gawanya kwa 3 inabaki |x + 2| = 5, hapo sasa ndo unatenganisha: x + 2 = 5 inakupa 3, na x + 2 = -5 inakupa -7. Rudisha hiyo -7 uone: -7 + 2 ni -5, umbali wake 5, mara 3 ni 15, toa 4 ni 11. Imekubali.

Uzuri mwingine wa kuanza hivyo, mlinganyo usio na jibu unajionyesha wenyewe. |x − 4| + 9 = 5, ukiondoa 9 kulia inabaki -4, na umbali hasi haupo, kwa hiyo hakuna jibu, songa mbele.

Ila x ikiwa pande zote mbili kuwa makini zaidi. Chukua |x − 6| = 2x, ukiitenganisha x − 6 = 2x inakupa -6, na x − 6 = -2x inakupa 2. Weka -6: kushoto 12, kulia -12, inakataa. Weka 2: kushoto 4, kulia 4, safi. Kwa hiyo jibu ni 2 peke yake, na usipopima utachagua zote mbili huku una uhakika kabisa umepata.

Haya maswali yanakuja kwenye sehemu ya Mathematics Knowledge, na hiyo inaingia kwenye alama ya AFQT inayoamua kama unaweza kujiunga au la, usiyadharau. Kalkuleta hairuhusiwi, na ukifanyia kwenye kompyuta ukishathibitisha jibu huwezi kulirudia, ndo maana nasisitiza kupima kabla ya kubonyeza. Majibu ni ya kuchagua, ukikwama chukua majibu waliyokupa uyaingize moja moja kwenye mlinganyo.

Kilichonisaidia mimi ni karatasi ya rafu. Kabla sijagusa namba yoyote nazungushia duara vimistari na vilivyomo ndani, halafu naondoa kila kilicho nje ya duara, kimoja kimoja, mpaka duara libaki peke yake. Nilifanya maswali kumi hivyo kila jioni, wiki mbili, mpaka mkono ukazoea.