Kipande cha baba wa nyanyako

Mwanangu,

Juzi kwenye simu uliniuliza swali nikacheka, ukanuna. Mwenzako wa kazini huko Nairobi alikuuliza kabila, ukamwambia Mdigo. Akasema, "Kumbe si Mijikenda?" Mwengine akadakia kwamba kwa buibui hilo na lafudhi hiyo wewe ni Mswahili tu. Ukataka nikwambie yupi kasema kweli.

Leo nimelivuta lile sanduku la chini ya kitanda cha nyanyako. Mna kikebe cha bati ambacho babake alikitundika shingoni enzi za Mwingereza, na ndani yake kipande chake, yaani kitambulisho cha enzi hizo, karatasi imelegea kama kitambaa. Penye kabila pameandikwa "Swahili". Na mzee huyo alizaliwa Kinondo, huku Kwale, kando ya kaya, ule msitu mtakatifu wa wazee wetu, Mdigo kwa baba na kwa mama! Alisilimu akiwa kijana, akabadili jina, akaenda kubeba mizigo Kilindini. Watu wa mjini walituita Wanyika, yaani watu wa porini. Ukisilimu, ukavaa kanzu na kukaa Mombasa, unaingia Uswahilini, naye akaingia. Akirudi Kinondo alikuwa Mdigo kama jana, wala hakumwomba mtu ruhusa.

Wakati yeye anaingia, Waswahili wenyewe wa Mombasa, wale wa Mataifa Kumi na Mbili, yaani koo za kale za mji huo, walikuwa wanatafuta pa kutokea. Kwa sheria za Mwingereza, Mwarabu alikuwa na daraja lake na Mswahili alitiwa kapu moja na "wenyeji" wengine. Basi wakadai wahesabiwe Waarabu. Ningekuwa wao labda ningefanya vivyo hivyo.

Na hilo la Mijikenda ni jina changa. Miji tisa ilikuwapo zamani: Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi, Wakauma na Wagiriama. Lakini jina la pamoja lilishika miaka ya 1940, watu wetu waliokuwa wakifanya kazi Mombasa walipoona kila mji peke yake hausikiki. Wakati huo mpaka wa Mwingereza na Mjerumani wa 1886 ulikuwa umeshaupasua Udigo kitambo. Mjomba wangu wa Tanga ukimwita Mijikenda anageuka nyuma kutazama unamwita nani. Na Kidigo chake ni safi kuliko changu.

Jirani yetu Mmakonde unamkumbuka. Wazazi wake walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi mashambani, yeye akazaliwa hapa hapa, lakini hakuwa na kitambulisho. Hata laini ya simu alisajiliwa na mkewe. Mwaka 2016 wenzake walitoka Kwale kwa miguu hadi Nairobi, na 2017 serikali ikawatangaza kabila la 43. Kabla ya hapo hawakuwamo kwenye daftari, na ngoma zao tukizisikia kila harusi.

Basi huyo mwenzako akikuuliza tena, muulize kwanza anagawa nini. Kwenye fomu andika Mdigo. Ya Mijikenda yaache mpaka wakati wa kura, utaitwa tu.

Nyanyako amenisikia nikikusomea haya kwa sauti. Anasema babake alizungumza Kiswahili cha Mvita mpaka wageni wakadanganyika, ila akikasirika alitukana kwa Kidigo.

Mamako