Bima ya nyumba pekee haitoshi kwa saa za marehemu mzee

Pole kwa msiba, mkuu. Umeuliza kama bima ya nyumba yako ya Njiro, Arusha, inatosha kwa saa mbili alizokuachia mzee, Omega na Rolex. Kwa maoni yangu haitoshi. Bima ya vitu vya ndani mara nyingi huweka kikomo kwa kitu kimoja cha thamani, na ukiporwa ukiwa Mnara wa Saa au kwenye basi la Moshi, huenda isikuhusu kabisa. Omba bima ya hatari zote, yaani ile inayokinga saa hata ukiwa nje ya nyumba, na kila saa itajwe peke yake kwa namba yake na thamani yake.

Thamani ndipo watu wanapoumia. Shemeji yangu aliandikisha saa ya milioni 10 kwa milioni 5 ili ada ipungue. Ilipoharibika kwa hasara ya milioni 4, alilipwa 2 tu, maana alikuwa amekatia bima nusu ya thamani, na fidia nayo ikakatwa nusu. Iliniuma sana, kwa sababu kosa lilikuwa la kuzuilika. Kwa hiyo tafuta fundi au muuzaji anayezijua akupe tathmini ya maandishi, kisha uombe thamani iliyokubaliwa, yaani kiasi mnachoafikiana na kampuni ya bima tangu mwanzo. Rudia tathmini kila baada ya miaka 2 hivi, shilingi inabadilika.

Uliza pia kuhusu safari za nje, na sehemu ya hasara utakayobeba mwenyewe kabla bima haijalipa. Kuchakaa na kuharibika kwa mashine kwa kawaida hakulipwi.

Kabla ya kulipa, hakikisha wakala ana leseni ya TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania. Picha na risiti usizifungie kabati moja na saa.