Spana ambazo zikipotea siku hiyo sifanyi kazi

Wadogo zangu mnaotoka chuo mnaniuliza sana swali hilihili, kaka nikipata hela ya kwanza ninunue spana gani. Na wengi naona macho yako kwenye lile boksi kubwa la dukani lenye vitu mia na kitu ndani, linang'aa mpaka unajiona fundi kabla hujashika gari. Mi nililinunua, mwaka ule nilipofungua gereji yangu hapa Mtwara upande wa Magomeni, chini ya mkorosho, na mpaka leo karibu nusu ya vitu vyake sijawahi kuvigusa. Hela ile ningenunua vitu vinne vitano vya maana ningefika mbali mapema zaidi.

Tuanze na namba 10, yaani ya milimita 10. Nasema ile boksi spana ndefu, kikombe kinachovishwa juu ya nati, cha kona sita ndani, sio kona kumi na mbili. Gari zetu huku karibu zote ni Toyota na Mjapani ukishakuwa na 8, 10, 12, 14, 17, 19 na 21 ya matairi umemmaliza, ila 10 ndo iko kila mahali, betri ni 10, kava ni 10, waya za bodi ni 10, kwaio ndo inayopotea kila siku, unaifungulia kitu inakuponyoka inadumbukia kwenye injini na chini haifiki. Nina tatu na bado moja nailinda kama simu.

Hiyo kona sita muielewe vizuri kwasababu sisi tunakaa na bahari. Boksi ya kona kumi na mbili inaishika nati kwenye ncha za kona, ya kona sita inaishika ubavuni. Nati mpya haina shida utatumia yoyote, ila leteni pikapu inayobeba samaki kutoka Mikindani, maji ya chumvi yanachuruzika chini kila siku ya Mungu, nati imeshaliwa imebaki nyembamba, hapo ukiweka kona kumi na mbili ya bei rahisi inachuna mara moja na kichwa kinabaki duara. Ilinikuta kwenye bolti za egzosti, nikaharibu moja, nikaenda kuchomeleshewa nati juu yake ndo ikatoka, siku nzima imeisha na mteja samaki wake wanamsubiri. Toka siku ile nati ya chumvi naipaka oili ya kulegezea kutu jioni nailaza, asubuhi naipasha moto kidogo (mbali na petroli na mpira wowote jamani), halafu kwanza naikaza kidogo tu, ukisikia imesema tik ndo unaanza kuilegeza, unaenda mbele unarudi nyuma mpaka itoke. Usiivamie.

Cha pili bisibisi ya nyota ya Kijapani. Hii mafundi wengi hawaijui na inauma kwasababu ni kitu kidogo tu. Skrubu za pikipiki nyingi za Kijapani ukiziangalia ni nyota kama nyota nyingine, ila mdomo wake sio sawa na bisibisi ya kawaida, ile ya kawaida haizami mpaka chini, ukikaza mkono inapanda juu inakula skrubu. Nyingi zina kidoti kidogo pembeni ya nyota, ukikiona ujue ni yenyewe. Mi nilikuwa najua skrubu za kabureta, ile inayochanganya petroli na hewa, ni laini basi, miaka nahangaika, kumbe kosa lilikuwa kwenye bisibisi yangu. Saivi hata skrubu iliyokwisha kutafunwa na mwenzangu naweza kuitoa mara nyingi.

Na kabureta huku sio za pikipiki peke yake. Kuanzia mwezi wa tano wa sita wakulima wanaleta bloa za kupulizia salfa kwenye mikorosho, mtu katoka nayo Nanyamba nyuma ya bodaboda, haiwaki, na ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe, hausubiri, maua yakishaliwa korosho ya mwaka huo ndo imeondoka. Huyo mtu humwambii njoo kesho kutwa. Ukifungua unakuta vumbi la salfa limeingia kila mahali, na salfa ikikutana na jasho na unyevu wetu huu inakula chuma, kwaio bisibisi na spana za kazi ya bloa nazifuta siku hiyohiyo kwa kitambaa chenye oili safi. Oili chafu ya kumwaga injini msitumie kulindia spana, ina uchafu wake unaokula chuma.

Sasa malti mita, kile kipimo cha umeme. Yangu niliinunua 25,000 na imenirudishia hela mara nyingi sana kuliko kitu chochote hapa gereji. Kuna baba mmoja alikuja na Noah, kashabadilisha betri, sehemu nyingine wakamuuzia na alteneta, ile inayochaji betri, na asubuhi gari haiwaki vilevile. Nikapima betri gari ikiwa inaunguruma, volti 12.3, wakati ilitakiwa iwe 14 na kidogo. Nikapima pale kwenye alteneta yenyewe, 14.3. Umeme unazalishwa ila haufiki, sasa unaishia wapi? Nikawasha taa na feni, waya mmoja wa mita nikaweka kwenye negetivu ya betri, mwingine kwenye chuma cha injini. Pale inatakiwa isome karibu na sifuri, ikizidi 0.2 una shida, yeye ilisoma 1.6. Waya wa ethi, ule unaounga negetivu ya betri na chuma cha injini, umeoza kijani ndani ya mpira, nje unaonekana mzima kabisa. Nikabadilisha waya ule tu. Yule baba alikaa kimya muda mrefu, nami niliumia, maana alteneta yake ya zamani kashaiacha huko na haikuwa na kosa. Jamani tupime kwanza, hela za watu zinatoka kwenye korosho, zinaingia mara moja kwa mwaka.

Toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, nayo ninayo, naipenda kwa nati za matairi na silinda hedi. Gari ndogo nyingi za Toyota nati ya tairi inakazwa 103 Nm (kipimo cha nguvu ya kukaza), sio kupanda juu ya spana na miguu yote miwili. Ukimaliza rudisha kipimo chake kwenye namba ya chini kabisa kabla hujaiweka, ile springi yake inachoka.

Kuhusu kuazima, utaratibu wangu ni mmoja, anayechukua spana anaacha ufunguo wa pikipiki. Hata ndugu. Nilianza baada ya tii spana yangu kwenda Tandahimba msimu wa korosho na mtu niliyemuamini na mpaka leo haijarudi. Zangu zote nimezipaka rangi ya kucha, nyekundu, mke wangu ndo alinipa wazo, na kabla sijafunga boneti nazihesabu.

Iko moja haiazimwi hata kwa ufunguo. Ringi spana 14 ambayo mzee aliyenifundisha kazi aliipasha moto akaikunja kama mundu, ili ifike ile bolti ya juu ya stata ambayo mkono hauingii. Hakuna duka linaloiuza. Alinipa mwenyewe kabla hajafariki, akaniambia shika hii, vidole vyako vitapumzika. Wiki iliyopita jamaa wa gereji ya jirani kaja kuiomba, nikamwambia gari ilete hapa nikufungulie mwenyewe, hela sitaki.