Chuma cha tembo au cha magunia?

SWALI: Baba Maswali, hodi. Jumamosi moja nilinunua pale Kadutu chuma chenye mpini wa mbao, dola 12. Muuzaji aliniapia kwamba ndicho Wabelgiji walichokuwa wanaongozea tembo. Mke wangu anacheka, eti nimeuziwa takataka. Kweli tembo wa Congo waliwahi kufanya kazi? Na mimi nimepigwa? Nimekiacha hapo mlangoni kwenu ukitazame. (Fundi baiskeli, Bukavu)

JIBU: Fundi, karibu. Kiko mezani kwangu tangu juzi, na wajukuu wamekatazwa kukigusa. Mama wa nyumbani kwako ana haki, ila nusu tu.

Chuma cha tembo, ambacho Wahindi hukiita ankusha, kina mpini mnyoofu kama wa fimbo. Mwishoni kuna vyuma viwili: ncha iliyonyooka, mfano wa mkuki mdogo, na pembeni yake ndoano iliyopinda kama kucha ya kipanga. Ncha husukuma, ndoano huvuta. Mchunga hukaa shingoni, si mgongoni, vidole vya miguu vikiwa nyuma ya masikio ya mnyama, na kazi kubwa huifanya kwa miguu hiyo na kwa sauti. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuma ya sikio ni laini, na ndoano hutafuta hapo hapo. Ni kifaa cha kale sana: hata Ganesha, mungu wa Wahindi mwenye kichwa cha tembo, huchorwa amekishika mkononi.

Sasa tazama chako. Mpini umekingama juu ya chuma kama herufi T. Ndoano ni moja, ncha nyoofu haipo, wala hapajavunjika kitu. Nimepima: sentimita 20. Ukikaa shingoni mwa tembo na hicho, sikio hulifikii mpaka uiname karibu kuanguka! Mbao nayo imelika katikati, pale chuma kinapopita kati ya vidole viwili ngumi ikifungwa. Fundi, hiyo ni ndoano ya makuli, ya kuvutia magunia. Mjomba wangu alipakua mahindi bandarini Kalemie miaka mingi, na yake ilining'inia msumarini nyuma ya mlango. Tulipokuwa watoto tulikuwa tunaiogopa kuliko fimbo.

Lakini muuzaji hakutunga yote. Mfalme Leopold II alimpa afisa mmoja, Laplume, kazi ya kufuga tembo wetu. Miaka ya mwanzo kituo kilikuwa Api, kule Uele, halafu wakahamia Gangala-na-Bodio, jirani na Garamba iliyofanywa mbuga mwaka 1938. Walikamata tembo wadogo, wakawafundisha kuvuta mikokoteni na kulima. Wachunga kutoka Asia waliletwa kufundisha, Wazande wakajifunza kazi, na Wabelgiji wakawaita kornaki. Kwa hiyo anayekuambia tembo wa Afrika hafugiki, mwache aseme. Walioshindwa ni wale wanne wa India walioshushwa Msasani, pwani ya Tanzania ya leo, mwaka 1879, ili wabebe mizigo kwenda bara. Wote walikufa.

Hiyo ankusha yenyewe siku hizi ina kesi. California imeipiga marufuku tangu 2018. Kwenye bustani nyingi za wanyama mchunga hukaa nyuma ya nondo na fimbo yenye kitambaa au mpira mwishoni. Tembo akiugusa kwa mkonga au kwa mguu, hupewa tunda. Ningekuwa tembo, ningechagua hiyo.

Dola 12 ni nyingi kwa ndoano ya magunia, lakini chuma chenyewe ni kizuri na hakijaoza. Usimrudie muuzaji kwa ugomvi, huenda naye aliuziwa hivyo hivyo. Pita ukichukue kabla ya Ijumaa. Mjukuu wa mwisho ameanza kukizungukazunguka.